Kompyuta Iliyonukia Maziwa

Salaam aleikum kwa wale wa salaam, na habari zenu kwa wale wa habari. Sisi wa Isiolo tumezoea kusalimia mara mbili kwa pumzi moja, kwa hivyo hakuna aliyeachwa nje.

Nakuandikia wewe Kinya, uliyerithi meza yangu kwa karakana ya Mzee Kirimi, na wenzako wote mnaoshika bisibisi sasa na kuniita "mstaafu" mkicheka. Chekeni tu. Najua mtu kustaafu akiwa na miaka thelathini na kitu ni kama mchezo. Lakini kazi hii ya kuwachagulia wenye biashara ndogo kompyuta na kuwavutia waya nimeifanya tangu nilipoachia shule kidato cha pili, na sasa nimeiweka chini. Niko Burat kwa mama yangu, kucha zimejaa udongo. Huo udongo ni wa nini nitawaambia baadaye. Kwanza kazi.

Mzee Kirimi alikuwa fundi wa redio. Watu walipoacha kutengeneza redio akahamia kompyuta bila kubadilisha hata kiti. Siku yangu ya kwanza pale, mteja aliingia akaangaza macho, akauliza, "Fundi yuko wapi?"

Mzee Kirimi hakuinua kichwa. "Umemkanyaga kiatu."

Na kweli alikuwa amenikanyaga, maana nilikuwa nimechuchumaa chini natafuta skrubu iliyoanguka.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kompyuta haichaguliwi dukani. "Mwari," aliniambia, na mwari ni binti kwa Kimeru, "usiangalie kompyuta. Angalia mahali itakapokaa." Akanituma kwa hoteli moja karibu na stendi. Mwenye hoteli alitaka mashine ya kutoa risiti. Nilipewa kazi ya kukaa hapo na kunywa chai mpaka watu wa chakula cha mchana waishe. Nilidhani mzee anataka nipumzike. Basi nikakaa, nikaona. Jiko la chapati lilikuwa nyuma ya kaunta, mafuta yanaruka. Soketi ilikuwa moja tu, na kila juisi ikiitishwa, msichana wa kaunta anachomoa chochote kilichopo anachomeka blenda. Niliporudi nilikuwa tayari nimechagua bila kuambiwa: laptopu yenye betri nzuri, maana blenda itaichomoa mara mia kwa siku, na ikae upande wa mlango, mbali na chapati. Ile laptopu ilifanya kazi mpaka herufi zikafutika kwenye vitufe.

Kwa hivyo vijana, mteja akikuuliza, "Ninunue kompyuta gani?" wewe muulize, "Chai yenu ni ya saa ngapi?"

Sasa niwaambie juu ya mahali ambapo mimi na Mzee Kirimi tulikunywa chai yote, hata tukaongezewa, na bado hatukuona kitu.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama wa maziwa ya ngamia. Walikuwa wamepanga nyumba ya mabati yenye vyumba viwili nyuma ya soko. Kila asubuhi maziwa yanaingia, mengine ya Leparua, mengine ya hapa Burat, na mengine ya mbali kabisa, Sericho, na gari la huko likifika mjini hujui rangi yake kwa vumbi. Yanapimwa, yanamiminwa kwa mikebe ya alumini, na saa sita mchana gari la baridi linaondoka nayo kwenda Nairobi. Duka moja kubwa la huko lilikuwa limekubali kuwajaribu, kwa sharti kwamba kila mkebe uwe na lebo inayosema maziwa yametoka wapi, yamepimwa saa ngapi, na vipimo vimesema nini. Mkebe bila lebo haupokelewi.

Mama Talaso, mwenyekiti wao, alilipenda sharti hilo kuliko mwenye duka mwenyewe. Alisafiri mpaka Sericho, akakaa na wanawake wa huko, akawaambia, "Miaka yote maziwa yenu yakifika Nairobi yanaitwa ya Isiolo. Sasa yatafika na jina lenu." Mmoja wao, Mama Jillo, hakuamini. Alipanda gari pamoja na maziwa yake ili aje aone kwa macho hilo jina likitoka kwa mashine.

Programu ya lebo iliandikwa na kijana mmoja wa Nairobi tuliyekuwa tunamwita Brayo. Alitupigia simu mapema. "Sista, hii programu yangu ni nyepesi. Msinunue mashine kubwa. Hata kompyuta ndogo itaibeba."

Lakini nani atasikiliza simu wakati dume la kompyuta limesimama mbele yake? Tulienda na akina mama duka la kompyuta za mtumba. Kwa kona kulikuwa na moja iliyowahi kuwa ya watoto wa michezo ya kompyuta. Kasha jeusi, refu, zito, na mbele feni tatu zinazowaka taa ya buluu. Mama Talaso aliizunguka. Akainama akaangalia nyuma. Akaipiga kofi la mgongo kama yuko soko la mifugo.

"Inakula sana?" akamuuliza muuzaji.

"Stima kidogo tu, mama."

"Imewahi kuugua?"

"Haijawahi."

"Iwashe nisikie pumzi yake."

Feni zikanguruma. Akina mama wakaangaliana. "Hii iko na kifua," Mama Talaso akasema, na biashara ikaisha hapo. Mzee Kirimi, ambaye ndiye aliyepaswa kutuzuia, alikuwa amepiga magoti mbele ya ile taa ya buluu akitabasamu kama mtoto.

Tulipoenda kuangalia mahali itakapokaa, tuliona mengi. Sakafu ina maji kila asubuhi, kwa hivyo tukatengeneza meza ya juu. Stima inapotea ikitaka, kwa hivyo tukaweka yupiesi, lile sanduku la betri linalokupa dakika chache za kumaliza kazi yako. Chumba cha nyuma ndicho chenye kufuli nzuri, kwa hivyo dume likafungwa chumba cha nyuma. Na hapo hapo chumba cha nyuma, huku tukinywa chai, tuliwaangalia akina mama wakifukiza mikebe. Mnajua vile inafanywa. Kijiti cha mti wenye harufu kinachomwa mpaka kiwe kaa, kinatiwa ndani ya mkebe uliooshwa, mkebe unafunikwa, unatikiswa, moshi unaingia kila pembe. Ndio unaoyapa maziwa ladha yake na kuyafanya yakae. Mzee Kirimi alivuta pumzi akasema, "Hapa mtu anaweza kushiba kwa pua."

Tuliona. Tukasifu. Tukaenda zetu.

Wiki za kwanza zilikuwa sherehe. Halafu asubuhi moja, katikati ya lebo, skrini ikawa giza. Ikiachwa, mchana inaamka yenyewe kama hakuna kitu. Kesho yake tena. Tukaichukua karakana, tukapuliza vumbi kama mafundi wote wanavyopuliza, ikafanya kazi kutwa nzima bila hata kukohoa. Tukairudisha. Baada ya siku chache, giza. Mzee Kirimi akabadilisha kifaa kinacholeta umeme ndani. Mimi nikabadilisha betri ya yupiesi. Giza.

"Hii kompyuta imefunga," Mama Jillo, aliyeendelea kusafiri na maziwa yake, alisema siku moja, amekaa juu ya mtungi mtupu. "Ngojeni magharibi itafuturu."

Tulicheka wote. Lakini asubuhi moja gari la baridi liliondoka na mikebe ya Sericho bila lebo, kwa matumaini tu, na duka la Nairobi likaikataa kama lilivyosema. Ikarudishwa kesho yake. Mama Jillo alifungua mfuniko mmoja, akanusa, akaufunga polepole. Hakutania siku hiyo.

Halafu mwenye duka akapiga simu. Hakuwa mtu mbaya, aliongea kwa upole. Alisema wale wa karibu waendelee, lakini maziwa yanayotoka mbali namna ile hawezi kuyapokea kwa kubahatisha. Ikitokea tena mara moja tu, Sericho atawaacha nje.

Mama Talaso aliweka simu chini. "Intala," aliniambia, na akiniita binti kwa Kiborana najua mambo si mazuri. "Sericho nilienda na mdomo wangu. Nitarudi huko na mdomo wa nani?"

Tuliongeza feni. Ndiyo, Kinya, cheka. Kompyuta ilikuwa inapata joto, kwa hivyo tuliiwekea feni ya nne, kubwa kuliko zile tatu. Ikaanza kufa mapema zaidi.

Ijumaa hiyo karakana haikuwa na stima. Nikalifunga dume kwa bodaboda, nikalileta hapa Burat, nikalilaza juu ya gunia uani ili nilifungue kwa mwanga wa jua. Nilikuwa nimechoka mpaka kutaka kulia. Nikatoa skrubu, nikafungua ubavu. Mama yangu alikuwa upande wa vitunguu na mgongo wake umenielekea. Akasimama. Akageuka.

"Akai, umeleta maziwa?"

"Sijaleta, mama. Hii ni kompyuta."

"Usinidanganye. Hayo ni maziwa ya kufukizwa." Na alikuwa anakuja, vijana, na kikombe mkononi.

Nikainamisha uso ndani ya kasha. Mimi pua yangu ilikuwa imezoea, kule kwa akina mama kila kitu kinanukia hivyo, hata nguo zangu. Lakini hapa kwenye hewa ya shamba, kati ya majani ya vitunguu, harufu ilikuwa wazi. Nikapitisha kidole kwenye feni. Vumbi la Isiolo mnalijua, ni jekundu na likipulizwa linaruka. Hili lilikuwa jeusi, lenye mafuta, limeng'ang'ania kama masizi chini ya sufuria. Tulikuwa tunapuliza la juu na kuacha la chini.

Tulikuwa tumeifukiza kompyuta. Kila asubuhi, kwa uangalifu, ndani na nje, kama mkebe. Na kila feni tuliyoongeza ilikuwa mdomo mwingine wa kuvuta moshi.

Nilimpigia Mzee Kirimi. Nikamweleza. Halafu nikasikia akicheka mpaka akakohoa. "Mwari," alisema, "si nilisema mtu anaweza kushiba pale kwa pua? Imeshiba!"

Mama alirudi kwa vitunguu akinung'unika, kikombe kitupu.

Nilipowaeleza akina mama, mmoja wao alisema kwa huzuni, "Basi tuache kufukiza mpaka huyu mwenye duka atuzoee." Mama Talaso akamwangalia. "Maziwa bila moshi si ni maji meupe?" Hata mimi nilikataa. Na hili ndilo ningependa mlikumbuke kuliko yote nitakayosema. Ile kazi ilikuwepo kabla ya mashine. Ukiona mteja anaanza kubadilisha mkono wake, au mila yake, ili kompyuta yako iishi, jua umemletea kompyuta isiyo yake.

Tukauza dume. Kwa kile tulichopata tukachukua kitu kidogo, ukubwa wa nusu mkate, kisicho na feni hata moja. Joto lake linatoka kwa ngozi ya chuma, na diski yake ni ile isiyozunguka, haina sehemu inayotembea. Nikakiweka mezani. Akina mama wakasogea kutazama.

"Ng'ombe wetu yuko wapi?" Mama Talaso akauliza.

"Ndiye huyu."

"Huyu ni mbuzi!"

Na jina likabaki hapo. Mpaka leo ukiingia pale utasikia mtu akisema, "Mwashe Mbuzi."

Mbuzi alikaa chumba cha mbele, kwenye vipimo, mbali na moshi. Printa ya lebo ikabaki nyuma, karibu na mikebe, kwa sababu haina feni na haivuti hewa. Brayo akaniambia kwa simu niunganishe hizo mbili kwa waifai, ni rahisi. Nilijaribu jioni, ikakubali vizuri sana. Lakini safari hii nilikuwa na adabu. Nikamwambia Mama Talaso, "Naomba tujaribu kama vile kazi iko." Tukapanga mikebe yote ukutani kama ya asubuhi, imejaa maji mpaka juu. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Printa ilikuwa imetupotea kabisa.

Ni hivi. Mawimbi ya waifai hayapendi chuma na hayapendi maji, na mkebe wa maziwa ni chuma chenye maji ndani. Ukiupanga na wenzake umejenga ukuta. Kwa hivyo mtandao wa nyumba ya maziwa usiupime kama mtandao wa duka la vitambaa, na chochote utakachopima, kipime kikiwa kimejaa, si kikiwa kitupu. Nikavuta waya kutoka mbele mpaka nyuma, nikaupitisha nje chini ya paa.

Kesho yake waya umekatwa. Chini ya dirisha alikuwa amesimama mbuzi wa jirani, mbuzi wa kweli mwenye pembe, bado anatafuna. Mama Jillo alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. "Mbuzi amekula Mbuzi!" Ndiyo sababu waya wote niliovuta katika mji huu, baada ya siku hiyo, ulipita ndani ya paipu ya maji. Wateja wengine walidhani ni mapambo.

Halafu ikaja asubuhi yenyewe. Gari la Sericho lilichelewa, tairi lilipasuka njiani. Gari la baridi lilikuwa tayari limewasha injini. Mikebe ikaingia mbio, vijiti vikachomwa, moshi ukajaa chumba cha nyuma mpaka huoni mtu. Mbele, vipimo vikatoka vizuri. Lebo ya kwanza ilikuwa bado mdomoni mwa printa wakati stima ilipopotea.

Nakumbuka kila mtu aligeuka kuniangalia. Nikasikia yupiesi zote mbili, ya Mbuzi na ya printa, zikilia polepole, zimeshika kazi. Hapa ndipo nilipoona udogo una faida nyingine, ambayo hata sikuwa nimeipigia hesabu. Lile dume lingeikausha ile betri kabla hatujavuta pumzi. Mbuzi anakula kidogo. Aliendelea kutuma lebo, moja, nyingine, nyingine, mpaka mkebe wa mwisho.

Mama Jillo alichukua lebo moja ikiwa bado ina joto. Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kidole chake kikapita juu ya herufi.

"Ni hii?"

"Ni hiyo, mama. Sericho."

Akarudi, akaibandika kwenye mkebe, akaishikilia kwa kiganja muda mrefu, kama mtu anayempaka mtoto dawa kifuani. Dereva akapiga honi. Mama Talaso akapiga kelele, "Wewe ngoja! Hujui ni nani anasafiri?"

Sericho hawakuachwa nje. Mpaka leo wako.

Kuna mengine madogo nimekumbuka njiani. Lebo hizi, zinazoandikwa kwa joto na si kwa wino, zisiachwe juani, zinakuwa nyeusi kama chapati iliyosahauliwa. Programu yoyote utakayomletea mteja wa huku, hakikisha inafanya kazi hata intaneti ikienda. Usiwacheke wateja wakichagua kompyuta kama ng'ombe. Maswali ya Mama Talaso yalikuwa mazuri kuliko ya muuzaji: inakula nini, imewahi kuugua, inapumua vipi. Sisi ndio hatukumwambia kwamba tunataka isiyopumua.

Sasa udongo. Tangu siku ile nilikuwa nawauliza akina mama, hivi vijiti vya kufukizia mnavitoa wapi? Wakaniambia kila mwaka wanaenda mbali zaidi, miti imepungua. Nikaanza kuota. Nyinyi mnanijua na ndoto zangu. Hii haikuondoka. Kwa hivyo niko hapa, kando ya vitunguu vya mama, na kitalu cha miche ya ile miti. Ya kwanza niliiotesha ndani ya kasha la kompyuta bovu, matundu ya feni yanatoa maji vizuri sana.

Mama Talaso alikuja kuona. Akazunguka kitalu chote, mikono mgongoni. "Ulihamisha mashine yetu chumba kwa sababu ya moshi," akasema, "na sasa unatupandia moshi." Akaagiza miche ya kwanza iende Sericho, na Mama Jillo akaja kuichukua mwenyewe kwenye ile nyumba ya mabati. Tuliipanga mlangoni ikingoja gari. Mama Jillo aliiangalia, akaniangalia mimi, akakunja uso.

"Hii inatoka wapi?"

"Kwangu, mama. Burat."

"Na nani atajua?" Akageukia chumba cha mbele. "Mwasheni Mbuzi. Huyu msichana aandikiwe."